Unono wa Hiza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kuotesha na mwenye kunyausha, ambaye rehema yake humfikia mdudu ndani ya jiwe. Na sala na amani zimshukie Mtume wake, aliyelelewa yatima.

Watu wa habari hii ni wachache. Wa kwanza wao ni Bi Fatu, mjane wa kijiji kimoja cha Handeni, mwanamke wa swala tano na wa maneno mengi. Mwanawe wa pekee, Sufiani, mvua za vuli zilipokatika alikwenda Korogwe kukata mkonge katika mashamba ya Ngombezi. Kwa mama yake alimwacha mkewe, Loveness, binti aliyezaliwa huko huko kwenye kambi za wakata mkonge na kusilimu alipoolewa. Na akamwachia mtoto wao Hiza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Jirani yao ni Josefina, Mkristo, mama wa Angel, aliyekuwa rika moja na Hiza.

Mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Karanga hazikuota. Mbuzi waliuzwa kabla hawajafa. Kilichobaki kijani ni maboga ya Bi Fatu, aliyoyapanda bondeni penye unyevu, nayo yalichanua kila alfajiri kana kwamba hayana habari ya njaa. Baada ya swala Bi Fatu alishuka akachuma maua dume, akiyaacha yale yenye kiboga shingoni. Aliyatoa kijiti cha katikati, akakung'uta sisimizi, akayachemsha kwa chumvi, kisha akamlisha mjukuu wake kwa tonge dogo la ugali.

"Mimi nimekuzwa kwa maua haya," alimwambia mkwewe. "Mama yangu, Mungu amrehemu, alitupikia haya haya, tukawa tunang'aa kama tuliopakwa mafuta."

Wiki zilivyopita, Hiza akaanza kujaa. Mashavu yalituna, miguu ikawa minene. Wanawake kisimani wakamzunguka.

"Bi Fatu, huyu mumeo unampa nini?" Josefina aliuliza akicheka. "Wangu mimi mbavu zinahesabika, wako amekuwa kama mtoto wa mwenye duka!"

"Mume wangu anakula maua kama nyuki. Na wewe mwenye wivu, shuka bondeni uchume umpe wako. Ila usije ukaniletea mke mwenza."

"Umeshachelewa! Mke mwenza ni huyu Angel hapa mgongoni."

Wakacheka wote, na tangu siku ile Josefina naye akawa anachuma. Aliyebaki bila kucheka ni Loveness.

"Mama," alisema walipofika nyumbani, "Hiza hachezi. Namweka hapa asubuhi, jioni namkuta hapa hapa. Na nywele zake zimekuwa nyekundu, ukizishika zinatoka. Niruhusu nimpeleke hospitali."

"Ukaseme nini? 'Daktari, nisaidie, mwanangu amenona'? Watakucheka mpaka Mombo. Mtoto aliyeshiba hutulia."

Loveness akambeba mtoto akaingia ndani, kwa kuwa mama mkwe hajibiwi mara mbili.

Hazikupita siku nyingi, ngozi ya miguu ya Hiza ikaanza kubanduka, na tumbo likawa haliachi kuhara. Sufiani alipopigiwa simu aliamuru mtoto aletwe Korogwe, karibu naye. Bi Fatu mwenyewe ndiye aliyempakata njia nzima, Loveness akiwa kando yake, na kila gari lilipopita kwenye shimo mtoto hakulia, na kutolia kule ndiko kulikoanza kumtisha.

Wodini walipokewa na muuguzi aitwaye Grace. "Shikamoo, bibi," alisema, huku kidole gumba kikibonyeza mguu wa mtoto. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Bibi, huku si kunona. Haya ni maji. Mtoto ana utapiamlo mkali. Amekuwa akila nini?"

"Maua ya maboga, kila siku. Yana vitamini, hata redioni wamesema."

"Wamesema kweli. Yana vitamini ya macho, na madini kidogo. Lakini ua karibu lote ni maji, bibi. Linasaidia mlo, halijengi mwili peke yake. Kwenu zamani mlikuwa mkiyapika na nini?"

"Tulikuwa tukiyapika na..."

 Bi Fatu alikiona akilini kinu cha mama yake, karanga zikitwangwa mpaka zinatoa mafuta, na kibuyu cha maziwa kando ya mlango. Watu walikuwa wakiyasifu maua kwa kuwa yalipendeza chunguni. Karanga na maziwa vilikuwapo siku zote, wala hakuna aliyevisifu. Yeye alikuwa amekumbuka kile kilichosifiwa.

Hiza alipewa maziwa ya dawa kwa kikombe, tone baada ya tone. Mwili haukuyapokea. Alifariki asubuhi, vidole vyake vikiwa ndani ya kiganja cha baba yake, kiganja chenye makovu ya miiba ya mkonge. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ndiko marejeo.

Walimrudisha Handeni wakamzika. Mikeka ikatandikwa, wanawake wakakaa, na haukupita muda minong'ono ikaanza.

"Mtoto mnono vile hafi hivi hivi. Hili ni jicho la husuda."

"Kwani nani alisimama kisimani akasema wake mbavu zinahesabika?"

Nyuso ziligeuka mlangoni, alipokaa Josefina na Angel mapajani. Vikombe vya chai vikapita mkono kwa mkono, vikamruka.

Bi Fatu alisikia. Neno lile lilikuwa jepesi kwake. Angenyamaza tu, angehurumiwa maisha yake yote. Na kwa kitambo alinyamaza kweli. Kisha akamtazama Angel, akaona mashavu yametuna.

"Hakuna jicho hapa," alisema. "Msijibebeshe dhambi msibani kwangu. Mjukuu wangu amekufa kwa kukosa chakula, na mlishaji nilikuwa mimi. Alivimba, nikasema amenona. Mama yake aliniambia, nikamfanyia mzaha."

"Bi Fatu, huo ni uchungu unaosema. Mwachie Mungu."

"Uchungu ninao, na akili ninayo. Josefina, mwanao anacheza?"

Josefina aliinamisha kichwa. "Anakaa tu," alisema.

"Basi usikae hapa kunililia. Mpeleke Korogwe leo hii."

Desturi inamzuia mfiwa kutoka msibani, lakini Loveness alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Nitakwenda naye. Wodi naijua." Akampita mama mkwe wake bila kumtazama, na Bi Fatu hakuthubutu kumwita.

Mwenyezi Mungu amfanye Hiza mtangulizi wa wazazi wake peponi. Amponye Angel, kama bado ameandikiwa kupona. Ampe Sufiani nguvu, ampe Loveness subira, na siku moja ampe moyo wa kuipokea salamu ya mama mkwe wake. Amsamehe Bi Fatu. Na wote waliobaki katika nchi ile, Waislamu na Wakristo, awateremshie mvua, na riziki yenye kujenga, na macho ya kuwaona watoto wao. Amina.