Minyororo ya Tela

Sheria ya kuvuta tela haina kona: lazima minyororo miwili ya usalama iliunganishe na lori, na dereva ndiye anayekagua kabla ya kutoka. Naijua kama jina langu. Asubuhi ile minyororo haikuwepo. Mjomba, mwenye lori, alikuwa ameifungua akafungia geti la yadi, eti wezi wamezidi.

"Mjomba, siwezi kutoka hivi."

"Nimekulea, nimekusomesha udereva, leo unanifundisha sheria? Washa gari!"

Nikawasha. Mlimani ndoano ya kuvutia ikaachia, tela likarudi nyuma likaponda kibanda cha fundi viatu. Fundi mwenyewe akakatwa mguu.

Mahakamani mjomba aliapa, macho makavu: "Nilimkataza asitoke bila minyororo. Ana kichwa kigumu tangu mdogo."

Hakimu akaniuliza nani alipaswa kukagua. Dereva, nikajibu. Nikala miaka mitatu.

Nilipotoka jela nilikwenda yadi kuchukua begi langu la nguo. Geti lilikuwa limefungwa kwa minyororo ileile. Mjomba akachungulia kwa ndani.

"Subiri hapohapo nje," akasema. "Siku hizi hatuamini mtu."