Wasifu wa Beki Hesketh

Wiki nzima Shaukat aliandika wasifu wa marehemu, akachana, akaandika tena, mpaka mkewe Zohra akamuuliza, "Kwani unamzika baba yako?"

"Zaidi ya baba," alijibu.

Clifford Hesketh alizaliwa Uingereza, mji wa wachimba makaa. Alicheza beki wa kushoto mechi mia tatu na kumi na mbili bila kufunga hata bao moja. Mwaka 1955 kipa aliuachia mpira ukaingia wavuni, magazeti yakamlaumu Hesketh. Jambo lile lilimla hadi uzeeni. "Lawama isiyo yako inaua," alikuwa akimwambia Shaukat.

Na Shaukat alimwonea huruma! Maana katika fainali ya 1963, Dar es Salaam, Hesketh akiwa kocha wa klabu ya akina Shaukat, mabeki walifundishwa kupanda mbele pamoja kocha akipiga kelele, ili mshambuliaji awe ameotea na bao lisikubalike. Mmoja akabaki nyuma, wakafungwa. Katika chumba cha kubadilishia nguo kocha akamnyooshea kidole Shaukat. Kijana akaamini kuwa aliyebaki nyuma ni yeye, hakuvaa viatu vya mpira tena. Hata huku Toronto, walikohamia wote wawili, kila Idi alimpelekea mzee biriani, na kila mara alimwomba radhi. Mzee alikula, akasema, "Yamekwisha."

Siku ya mazishi Ameer, beki mwenzao wa zamani, aliwapitia na gari kutoka Markham, mji wa jirani. Njiani akasema, "Shaukatbhai, mzee hayupo tena, acha niseme. Aliyebaki nyuma siku ile ni mimi. Hesketh aliniona. Lakini baba yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, angemfukuza kazi. Akaniambia, 'Shaukat mpole, atavumilia.'"

Akacheka. Ebo! Alicheka!

"Miaka sitini, Ameer?"

"Mambo ya mpira hayo, bwana."

Zohra alimshika mumewe mkono. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini Hesketh aliwahi kuubeba mzigo huo mwenyewe, akaujua uzito wake! Hilo ndilo lililomchoma Shaukat kuliko bao lenyewe.

Kanisani akaitwa. Alisoma mji, mechi, goti lililovunjika likamtoa uwanjani. Alipofika Dar es Salaam akaikunja karatasi, akamtazama binti wa marehemu.

"Baba yako alijua lawama ya uongo inavyouma," alisema. "Akanitwisha mimi, na biriani yangu akala."

Ameer alikuwa amemwekea kiti. Shaukat akampita, akamchukua Zohra, wakaenda kusubiri basi.