Jibu la Boila Lililopoa

Programu za kukokotoa joto zote hujisifu, kama mposaji mbele ya wakwe. Mhandisi alikuwa amebakiwa na mbili tu, na meneja alitaka moja ichaguliwe kabla ya saa sita mchana, boila la kiwanda liwashwe.

Mhandisi yeye huzijaribu kwa boila lililopoa, zikisoma vipimajoto vilivyomo ndani yake. Moto ukiwa umezimwa, jibu ni sifuri. Programu ikisema vingine, hiyo ni ya kutupa. Ya kwanza ikasema sifuri. Ya pili ikang'ang'ania kwamba ndani ya boila kuna kitu kinachotoa joto, wati mia hivi.

Akacheka. Wati mia ni joto la mtu aliyekaa kitako. Kisha moyo ukamlipuka, maana asubuhi ile mdogo wake, fundi wa boila, aliingia humo kukwangua chumvi iliyoganda.

Kugeuka, mdogo wake huyo hapo, ameegemea mlango, mzima wa afya. Akamweleza. Fundi, mbishi wa kuzaliwa, safari hii hakubisha. Alichukua tochi, akaenda kujipenyeza kwenye tundu la boila. Mhandisi akakodolea skrini macho, akingoja namba ipande. Mtu kaingia, joto liongezeke. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Namba haikupanda.

Fundi alipotoka, haikushuka. Alirudi akisema humo hamna kitu, ni giza tu. Mhandisi akaanza hesabu upya. Jibu lilikuwa lile lile, ila limepungua kidogo, na sasa aliogopa kutazama nyuma.

"Chagua ya kwanza, dada," fundi akasema kwa upole. "Tuwashe moto. Watu wanasubiri."

Mkono wake ukatua begani. Mhandisi alingoja uvuguvugu upenye shati, kama ilivyo kwa mkono wa mtu yeyote. Akangoja sana. Namba ikapungua tena.

Akainuka, akaifuta programu ya kwanza, akakimbia hadi kwenye boila. Akaingiza kichwa tunduni, akamwita mdogo wake kwa jina ambalo mama yao alimwita utotoni.

Fundi, aliyekuwa amemfuata, akamuuliza anamwita nani.

Kule ndani, mtu akakohoa.