Dari Iliyochorwa kwa Woga

Kazini walimwita Bi Ngoja, na jina lenyewe alijitakia. Kila mafundi walipotaka kusogea mbele ndani ya handaki, yeye mhandisi alitoka ofisini na karatasi zake: "Ngojeni kwanza." Safari mbili kazi ilisimama kwa neno lake, na safari zote mbili hata kokoto halikudondoka. Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, msimamizi wa wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba. Na ni kwa ajili ya huyo huyo wenzake walikuwa wanangojeshwa.

Sasa walikuwa wamefika penye mwamba wenye nyufa nyingi, na kazi imesimama tena, wiki ya pili. Bi Ngoja alikuwa ameuchora mwamba huo kwenye kompyuta, ufa kwa ufa, ili aone dari itaharibika wapi na lini. Kazi nzuri, asikudanganye mtu. Tatizo moja tu: kila ufa aliouona ukutani aliupitisha mwamba mzima, kutoka huku mpaka kule, kana kwamba ndani hakuna kinachoshikana. Mwamba wa namna hiyo hata ukipiga chafya unadondoka!

Mkuu wa mradi akaja, akaketi bila kukaribishwa.

"Ile kamera tuliyoingiza kwenye matundu ya dari ilionyesha nini?"

"Nyufa nyingi zinaishia njiani. Katikati kuna mwamba mzima."

"Mbona kwenye modeli yako huo mwamba mzima haumo?"

"Kwa usalama, mzee."

"Usalama wa nani?" akauliza, kisha akaenda zake.

Bi Ngoja akabaki akiligeuza lile swali. Baba yao alifukiwa na mawe machimboni wao wakiwa wadogo, na tangu siku ile Bi Ngoja hakuuamini mwamba wowote. Ehe, hapo ndipo penyewe! Alikuwa amechora machimbo yale, akayaita handaki. Alijionea haya, tena akajionea huruma.

Akavirudisha kwenye modeli vile vipande vizima vya mwamba, mahali kamera ilipoviona. Dari ikashika. Akashusha pumzi. Halafu, kwa ubishi wake wa kuzaliwa, akaiacha modeli iendelee: siku zipite, maji yachuruzike, dari ikae hivyo hivyo bila nondo wala zege. Vipande vikaanza kukatika, kimoja leo, viwili kesho kutwa. Kumbe kungoja kwenyewe ndiko kulikokuwa kunaiharibu dari! Kila siku aliyomweka ndugu yake nje, alikuwa anamlegezea mawe ya kumwangukia.

Alikimbia mpaka kwenye mlango wa handaki, viatu vimejaa tope.

"Ingieni. Leo hii. Fungeni nondo, mpulize zege darini, msikawie."

Wachorongaji wakapiga vigelegele vya kumkebehi. Mdogo wake peke yake hakucheka. Alimvuta pembeni.

"Dada, una hakika?"

"Makubwa haya! Si wewe uliyekuwa unanicheka?"

"Nilicheka kwa sababu ulikuwa unaniogopea. Ukiacha wewe, itabidi niogope mwenyewe. Na mimi kuogopa sijui, dada, sijawahi kufanya."

Bi Ngoja alimkaza mkanda wa kofia chini ya kidevu, na mwanamume mzima mwenye ndevu zake akakubali kukazwa mbele ya watu anaowasimamia.

"Nimepima, nikapima tena. Dari itashika mkiiwahi," akamwambia. "Lakini nani kakwambia nimeacha kuogopa?"

Yule ndugu akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akaingia wa kwanza.