Kopo la Limbuko

Shangazi Penina hajui kungoja, na mimi sijui kusema "bado". Aibu yangu ilianzia hapo.

Kikundi chao cha akina mama wa mlimani huuza kahawa kwenye mifuko ya nailoni, haina hata jina. Mwaka huu wakaamua iingie kwenye makopo yenye lebo. Kazi wakanipa mimi, Hope, mtoto wao mwenye kompyuta, niliyepanga chumba mjini, mtaa wa Engutoto, na kujiita mbunifu. Nikasema hakuna shida. Kisha zikaja kazi za wenye haraka zaidi, makopo yakabaki mdomoni.

Shangazi akawa anapiga simu kila asubuhi. "Hope, yamefikia wapi?" Siku moja nikachoka. Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikalipiga picha dirishani, nikafuta maandishi yake kwenye kompyuta na kuweka ya kwetu: KAHAWA YA AKINA MAMA WA MERU. Na jamani, kazi ile naijua. Maandishi ukiyabandika yakiwa bapa juu ya picha ya kopo, hata mtoto atakucheka. Nikayapinda yafuate mviringo, nikayabana pembeni pale kopo linapogeuka, nikayafifisha upande wa kivuli, nikapitisha juu yake mng'ao wa dirisha. Ungeapa kopo lipo mezani.

Nikamtumia. Nilitaka kumwonyesha tu litakavyokuwa, lakini sikuandika hivyo. Akanirudishia ujumbe wa sauti, analia kwa furaha. "Limetoka, mwanangu. Jumapili tunapeleka limbuko."

Limbuko kwetu si mchezo. Cha kwanza ni cha Mungu. Huuzi wala huonji mpaka kimefika madhabahuni. Ningesema palepale: shangazi, hiyo ni picha. Ulimi nilikuwa nao. Nikanyamaza kama mwizi.

Jumamosi nikakimbilia duka la kuchapisha, nikatoa lebo ileile ya kwenye picha maana nyingine sikuwa nayo, nikaizungushia kopo lile la maziwa na kujaza kahawa. Mbunifu mzima, na ujinga wangu nikauona nilipomaliza kugundisha. Maandishi niliyokwisha kuyapinda, kopo likayapinda tena. Maneno ya katikati yakalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ule mng'ao wangu wa dirisha ukawa mstari mweupe tu. Maduka yalikuwa yanafungwa.

Kanisani akina mama walivaa vitenge vya sare, wakaimba hadi mbele. Shangazi akapokea kopo kutoka kwangu. Akapitisha kidole kwenye ule mstari mweupe, akidhani ni vumbi. Haukufutika. Akanitazama mara moja, kisha akaliweka madhabahuni kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya ibada, sadaka za mazao zikapigwa mnada nje kama kawaida. Mzee Aminiel, anayeendesha mnada, akaliinua. "Herufi zimelewa kidogo, lakini kahawa ni ya mama zetu. Nani anaanza?" Watu wakacheka, wakaanza kupandisha: mchungaji, mwalimu, kijana wa kwaya. Kila mmoja alitaka kwenda nalo kwake. Huko lebo ingebanduka, jina la maziwa lionekane, na kikundi kizima kiitwe waongo mbele za Mungu.

Shangazi akasimama. "Naweka mbuzi wangu, yule mwenye mimba."

"Mama, unanunua cha kwako mwenyewe?" Mzee Aminiel akamtania.

"Ndiyo. Ni cha kwangu."

Nani angeshindana na mbuzi mwenye mimba? Akapewa.

Nyumbani aliinua pembe ya lebo kwa ukucha, akasoma kilichokuwa chini. "Makopo yapo, Hope?"

"Hayapo, shangazi. Ilikuwa picha."

Nilingoja matusi. Matusi nayaweza, ningejibu. Hakunitukana. Aliketi kwenye kigoda akifikicha macho.

"Wenzangu wamemwimbia Mungu kwa kopo la maziwa," akasema. "Mfungue mbuzi, umpeleke kanisani. Mimi uso wa kupita pale tena leo sina."

Nikamvuta yule mbuzi mchana kweupe, huku naona haya hata kwa kuku wa watu. Njiani nikakutana na Mama Sifaeli, mwenyekiti wao, bado kavaa sare, bado anaimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yetu. Umetutoa kimasomaso. Mengine yanakuja lini?"

Ningeweza kusema wiki ijayo. Neno lilikuwa tayari kinywani, na lilikuwa tamu.

"Hayapo, mama. Sijayatengeneza. Hata lile la madhabahuni ni kopo la maziwa, nimebandika karatasi."

Wimbo ukakoma. Akamtazama mbuzi, akaelewa kwa nini Penina alimtoa. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kamba kutoka kwangu, taratibu, bila hasira yoyote.

"Lete," akasema. "Huyu tutampeleka wenyewe."