Pini ya Spoki kwenye Shingo ya Korongo

Kinyozi hakupenda kuambiwa kisu chake hakifai.

"Tazama vizuri, dada," alisema, akiegemea meza ya Mthamini kwa viwiko vyote viwili. "Hiki alikabidhiwa marehemu baba, mkononi kabisa, kulekule kiwandani. Si unamwona korongo mwenyewe?"

Korongo alikuwepo. Alisimama kwa mguu mmoja kwenye mpini mwekundu, brashi mdomoni, na chini ya miguu yake yaliandikwa maneno Rangi za Korongo pamoja na namba ya simu fupi, ya enzi zile simu za mji mzima zilikuwa za kuhesabika. Wanaoghushi visu hivi huchora korongo mzuri kuliko wa kiwanda, halafu wanaweka namba ndefu ya siku hizi. Namba hii ilikuwa sahihi. Muhuri wa mtengenezaji, kwenye shina la ubapa pale unapoingia kwenye mpini, nao ulikuwa sahihi. Mthamini alianza kupata matumaini. Akabana lenzi jichoni, akakigeuza kisu upande wa pili, na matumaini yakamtoka palepale.

Mpini ulishikiliwa na pini tatu. Mbili zilikuwa za shaba, zimelala sawa na mpini hata kidole hakizihisi. Ya tatu, iliyopita katikati ya shingo ya korongo, ilikuwa ya chuma cheupe, na kichwa chake kimegongwa pande nne kwa nyundo ndogo.

Ilikuwa spoki ya baiskeli. Na mtu aliyekuwa akigonga vichwa vya spoki namna ile alikuwa mmoja tu mjini, naye wakati huo alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale, kwenye kiti cha plastiki, akinywa chai.

"Hicho nakikumbuka!" baba yake Mthamini alisema, akanyanyuka na kikombe chake. "Baba yako alikuja nacho kimemfia mkononi, akataka kukitupa. Nikamwambia, jitupe wewe mwenyewe, kisu niachie. Au sivyo?"

"Ndivyo, Fundi Kaza," kinyozi alisema kwa furaha. "Alikusifu mpaka anaingia kaburini."

"Umeona?" baba alimwambia binti yake.

Mthamini alikuwa ameona tangu juzi, na alikuwa ameona mpaka basi. Kiwanda cha rangi kilikuwa kinafungua ukumbi mpya, na mlangoni kilitaka kuweka kabati la kioo lenye kisu kimoja cha korongo, kile walichowagawia zamani mafundi rangi na wenye maduka ili jina la kiwanda litembee mifukoni mwa watu. Walitaka kizima, ambacho hakijabadilishwa hata pini. Kazi ya kukitafuta akapewa yeye. Akikipata, angeajiriwa kutunza vitu vyote vya kale vya kiwanda, kazi yenye chumba, kiti na mlango wa kufunga. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa na meza yake barazani, huku baba yake akiwaeleza majirani kwamba binti aliyemsomesha kwa jasho ameishia kuuza vyuma chakavu. Hakuna aliyeitaka kazi ile kuliko Mthamini, isipokuwa labda baba yake.

Na ukumbi ulikuwa unafunguliwa kesho.

Watu walikuwa wamejitokeza, hilo huwezi kuwalaumu. Mwenye duka la vifaa alileta chake. Fundi rangi mstaafu alileta viwili. Shangazi mmoja alikitoa chake ndani ya mkoba uliokuwa ndani ya mkoba mwingine. Vyote vilikuwa na spoki. Kisu kile kilikuwa na bapa mbili, mmoja wa kukatia na mwingine mfupi, mnene, butu, wa kufungulia makopo ya rangi, na watu walibandua vifuniko kwa huo mnene kwa nguvu zao zote mpaka pini ya shingo ikasalimu amri. Ikishakatika, walikwenda wapi? Walikwenda kwa fundi baiskeli wa pale kona.

"Baba," Mthamini alisema baada ya kinyozi kuondoka, akijitahidi sauti isipande, "kuna kisu chochote mji huu hujakitia mkono?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Wengine waliibiwa vyao," alisema.

"Mungu wangu!"

"Sasa hasira za nini? Si vinakata? Lete kimoja kisichokata nikione."

Hapo ndipo mama yake alipotoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu mume wake hakujua kuzungumza bila kutangazia mtaa.

"Mwanangu, ninacho kimoja," alisema. "Hiki hajakigusa. Nilikificha."

Baba alimtolea macho. "Ulinificha mimi?"

"Nimfiche nani mwingine? Humu ndani umefungua saa, ukafungua redio, ukafungua cherehani yangu ikabaki na skrubu tatu za ziada. Kisu hicho ulinipa wewe mwenyewe siku ulipokuja kwetu kuulizia habari zangu, nikasema angalau hiki kitabaki kama kilivyokuja."

Akakitoa kwenye upindo wa kanga. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa ambacho rangi yake ya kwanza haikujulikana tena, na mpini ulipotokeza, mwekundu, unang'aa, bila hata mkwaruzo, Mthamini alikipokea kwa mikono miwili. Namba ya simu fupi. Muhuri umesimama kama umegongwa jana. Ubapa mnene haujawahi kugusa kopo. Kisu hiki hakikuwa na bei, kwa sababu hakikuwa na mwenzake. Alianza kukiona chumba chake pale kiwandani, na mlango wake. Akabana lenzi jichoni.

Pini ya shaba. Pini ya shaba. Na kwenye shingo ya korongo, kichwa cheupe kilichogongwa pande nne.

Aliitoa lenzi, akaifuta, akairudisha. Spoki haikuondoka.

"Baba," alisema polepole.

Mzee alikuwa amegeukia barabarani, anaangalia magari kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Baba!"

"Ilikuwa imelegea," mzee alisema. "Mama yako alikuwa amelala hospitali amekuzaa wewe. Nikawa natafuta shuka za kumpelekea, nikakikuta. Nikakifungua, nikakifunga, nikaona kinacheza. Ningekiacha hivyohivyo?"

"Ndiyo!" mama na binti walisema pamoja.

"Nikakirudisha palepale," alijitetea. "Hata fundo la kitambaa nilifunga lilelile."

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki cha mume wake, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa. "Miaka yote hii," alisema, "nalinda spoki."

Mthamini alitaka kupiga kelele. Alikuwa na hasira mpaka masikio yanamchoma. Mama yake ndiye aliyezinduka kwanza. "Sema ni kizima," alinong'ona. "Kitakaa ndani ya kioo. Nani atajua?"

Wazo hilo lilikuwa limeshampitia, asiseme uongo. Afisa wa kiwanda hangeweza kutofautisha pini ya shaba na ya chuma. Lakini alimtazama baba yake, akamwona kesho mlangoni pa ukumbi, kanzu imepigwa pasi, akimshika mgeni wa heshima mkono na kumwelekeza: ile pini ya katikati unaiona, ile ni kazi yangu. Mtu huyu angekula kiapo cha kunyamaza saa mbili, na ifikapo saa tatu mtaa mzima ungekuwa unajua kwamba kuna kiapo.

Akachukua simu, akasogea pembeni ya baraza, akampigia afisa. Alimwambia ukweli wote kwa mpigo kabla ujasiri haujamwisha: kwamba kisu kizima hakipo, kwamba kilichopo ni kizuri kuliko vyote lakini kina pini ya spoki, kwamba vyote vya mji huu vina pini ya spoki, na kwamba aliyezitia ni baba yake mzazi. Mthamini akakiaga chumba kimoyomoyo, na kiti, na mlango.

"Vyote kavitengeneza mtu mmoja?" afisa aliuliza hatimaye. "Na yu hai?"

"Yu hai sana," Mthamini alisema kwa uchungu.

"Basi leta hicho, na uje naye. Hiyo ndiyo habari nitakayompa mkurugenzi. Gari litakuja sasa hivi. Ila kije kama kilivyo, umenielewa? Kisiguswe tena. Kikiguswa, hatuna cha kuonyesha, na mimi sina namna ya kukusaidia."

Aligeuka, moyo umeanza kurudi mahali pake. Baba yake alikuwa ameinamia meza, plaizi mkononi. Pembeni yake kulikuwa na kopo la maziwa lililojaa vipande vya shaba vilivyokatika, pini za kwanza za visu vyote vya mji, maana mzee hakuwahi kutupa chuma maishani mwake. Meno ya plaizi yalikuwa yameshaikamata spoki.

"USIGUSE!"

Plaizi zikasimama.

"Nataka kukusaidia, mwanangu, nikirudishie shaba yake," mzee alisema. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomuumiza binti. "Imeanza kulegea tena. Hebu ona inavyocheza. Watu watasema Fundi Kaza hakukaza."

"Watasema, baba. Waache waseme. Wanakitaka hivyohivyo, na wewe wanakutaka pamoja nacho."

Mzee alikitazama kisu. Akakibonyeza kidogo kwa kidole, kikacheza, naye akafumba macho kama aliyesikia jino linauma. Kisha akamwinulia binti yake uso na kuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mkewe, wala mteja, wala mtu yeyote juu ya kitu chochote.

"Kwa hiyo nikiache?"

"Kiache, baba."

Aliziweka plaizi ndani ya kopo. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya baraza, akaikalia mikono yake yote miwili, na akabaki hivyo mpaka gari la kiwanda lilipofika.