Kocha Akishaongoza

Ishaka alikuwa kocha wa Timbwani Rovers na alikuwa mchumba wangu, na kazi zote mbili alizifanya kwa mtindo mmoja. Watu wa Likoni waliuona ule wa uwanjani tu, na huo uliwatosha kumtukana kila Jumapili kuanzia alasiri hadi magharibi. Ule wa uchumba nilikaa nao mimi, peke yangu, miaka mitano.

Nyumba yetu imepakana na uwanja. Dirisha la chumba changu lilielekea goli, na kioo chake kilivunjwa na mpira mara nyingi hata baba akachoka, akapigilia waya wa kuku. Kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwenye vitundu vya waya huo, nikisonya.

Rovers walianza mechi kama watu wanaoikimbilia feri. Walikimbia, walipasiana, walipiga mikwaju mpaka mpira ukaingia. Likishaingia bao, Ishaka aliinuka kwenye benchi, akanyoosha mikono mbele na kuvishusha viganja polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hapo timu nzima ilirudi nyuma. Hata Elkana, mshambulizi wetu, kijana wa bara aliyebeba magunia bandarini na kifua chake kama kabati, aliitwa aje asimame karibu na kipa.

"Kocha, mimi niko hapa nafanya nini?" Elkana aliuliza siku moja, nami namsikia, maana alikuwa amesimama hatua chache tu na dirisha langu.

"Walinda."

"Nalinda nini?"

"Bao lako mwenyewe," Ishaka alimjibu. "Wataka likaibiwe?"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni baba yangu, mzee Mwidani. Alikuwa amestaafu kazi ya feri, na mapafu aliyoyatumia kushindana na honi za meli sasa aliyatumia kwa mkwewe. "Ishaka! Waachilie wana waende mbele! Mbona wawafungia nyuma kama mbuzi wa Idi?" Mara nyingine bao lilidumu, tukashinda moja bila. Mara nyingine lilisawazishwa refa akiwa tayari na kipenga mdomoni, na hapo baba alirudi nyumbani bila kusalimu mtu. Ishaka hakutikisika. Alikuwa na jibu moja tu: "Mimi siku zote naongoza. Mwataka nini zaidi?"

Sasa nieleze habari ya ule uchumba. Aliponiposa, baba alikataa. Ishaka hakuwa na kazi wala nyumba, alikuwa na mpira na kipenga. Lo, mngemwona Ishaka wa siku hizo! Alikuja na ami yake, akakataliwa. Alikuja na imamu, akakataliwa kwa heshima. Alikuja na nyanya yake, na yule bibi akaketi ukumbini kwetu akasusa chakula mpaka ajibiwe. Aliingia kazi ya kiwanda cha unga Changamwe, akachimba msingi wa nyumba kwa mikono yake, na mvua ilipong'oa bati la jikoni kwetu, alikuwa juu ya paa kabla baba hajavaa viatu. Mwisho baba alicheka, akasema haya, nimekubali. Fatiha ikasomwa. Nikavishwa pete.

Na hapo mambo yakasimama. Tangu siku hiyo nilichopata ni salamu, na kila Idi leso mbili. Nikiuliza nikahi lini, aliniambia ngoja nyumba ipauliwe. Ikapauliwa. Ngoja masika yapite. Yakapita. Ngoja ligi iishe, na ligi haiishi, ikiisha hii yaanza nyingine.

"Haraka ya nini, Mwanarusi?" alisema. "Babako ameshakubali. Hapa hapaharibiki kitu."

Nilikuwa wa miaka ishirini na mbili tulipovishana pete, sasa naelekea ishirini na saba, na sanduku limejaa leso hata halifungiki. Wenzangu niliosoma nao chuoni walikuwa wakinitumia watoto wao niwashikie. Na yule baba yangu, aliyevunja sauti kila Jumapili kwa ajili ya uoga wa kocha, ukimtajia ndoa yangu alimsifu Ishaka kwa utulivu wake. Uwanjani ni uoga, kwangu mimi ni busara! Nilikuwa nikizisikia sifa hizo kutoka jikoni, nikigonga mwiko kwenye sufuria.

Nilifumbuka macho mwaka wa themanini na tisa, nusu fainali ya kombe la diwani, Rovers na timu moja ya Kiembeni. Tulifungwa mbili kabla ya mapumziko. Watu walianza kuondoka. Kipindi cha pili nikamwona Ishaka kavua viatu, anakimbia ukingoni peku, shati nje, anapiga mayowe, "Mbele! Nyote mbele!" Alimtoa beki akaingiza winga. Kona ikipigwa, hata kipa alitumwa akapige kichwa. Mabao matatu yaliingia, na baba alibusiana na mtu asiyemjua. Kisha, tatu kwa mbili, dakika zimebaki kibao, Ishaka akavaa viatu vyake. Akanyoosha mikono. Viganja vikashuka.

Nilisema "Ala!" kwa sauti. Mtu huyu hakuwa mwoga hata kidogo. Akiwa nyuma, hakuna simba kama yeye. Ila akishapata, kazi pekee anayoijua ni kukikalia alichopata. Na mimi, tangu fatiha ile, nilikuwa bao lake. Alikuwa akinilinda, huku jamii nzima ya Timbwani ikimpigia makofi.

Niliondoka hapo dirishani moja kwa moja hadi kwa shangazi Mwanasaumu, dadake baba, mjane aliyeuza mahamri na kujua habari za nyumba zote kabla wenyewe hawajazijua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na hiyo sura? Umefiwa?"

Nikamweleza. Alimaliza kukanda unga, kisha akasema, "Yule mpishi wa hoteli ya Shanzu, Nguma, aliyekuona kwenye harusi ya Mwanabibi. Mamake ashaniuliza habari zako."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia una mchumba. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia. Akadhani namtania."

"Shangazi, mimi simtaki Nguma."

"Nani amesema umtake? Mimi nitamwambia tu akija kutusalimu, mlango u wazi. Kumkaribisha mgeni ni dhambi?"

Nilikata mahamri mpaka yakaisha. Nilijua wazi kwamba jambo hilo laweza kwenda mrama: Ishaka angeweza kuinua mabega, akasema basi, nami nibaki na leso zangu na aibu. Lakini miaka mitano mingine kama ile sikuiweza.

Fainali ilikuwa na Magogoni, uwanjani kwetu, maana diwani alikaa Likoni na kombe ni lake. Mashabiki wao walivuka kutoka Kisauni kwa malori wakilalamika njia nzima. Elkana alifunga mapema. Na mapema Ishaka akasimama, viganja vikashuka, na Rovers wote kumi na mmoja wakaenda kukaa kwenye goli la mbali kama wageni wa matanga. Magogoni walishambulia kipindi kizima. Wenyeji wenyewe walianza kuimba, "Kocha, nenda ukalale!" Baba alisimama nyuma ya benchi, sauti imebaki mkwaruzo.

Kipindi cha pili walibadilisha magoli, matanga yakahamia mbele ya dirisha langu, na ndipo mamake Nguma alipowasili na wanawake wawili, na sinia la halua limefunikwa kitambaa cha kutarizi. Shangazi aliwakaribisha ukumbini, akawapa maji, akajifunga buibui lake vizuri na kutoka. Nilimwona akiuzunguka uwanja taratibu, akiwasalimu watu, mpaka benchi la Rovers.

Maneno aliyosema alinisimulia mwenyewe baadaye, akicheka mpaka machozi. "Ishaka, mwanangu, usisumbuke, endelea na mpira wako. Namtafuta kakangu tu. Kuna wageni nyumbani, wametoka Shanzu, wamekuja kumwona Mwanarusi."

"Wageni saa hizi?" baba alimaka. "Waambie wangoje mpira uishe!"

"Wageni wa nini?" Ishaka aliuliza.

"Mimi sijui. Wamebeba halua."

Ishaka aliutazama uwanja. Alikuwa mbele kwa bao moja. Kisha akaitazama nyumba yetu. Nami nikasema ndani ya waya wa kuku, haya basi, haya basi. Mara akaanza kutembea. Hakumwachia mtu timu, hakuaga. Alipita nyuma ya goli, na Elkana akamwuliza, "Kocha, unaenda wapi?" Ishaka akaanza kukimbia. Baba naye, alipoona mkwewe anaelekea nyumbani kwake kwa kasi ile, ilibidi amfuate, huku kichwa kimegeukia mpira.

Elkana alimkodolea macho mpaka akaingia mlangoni. Kisha akatazama benchi, akaona hakuna aliyenyoosha mkono. Akaondoka golini, kwanza polepole kama haamini, halafu mbio.

Mimi sasa sikio lilikuwa ukumbini na jicho dirishani.

"Shikamoni, mama zangu," nilimsikia Ishaka akihema.

"Marahaba. Nawe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ni mumewe Mwanarusi."

"Mume?" mamake Nguma alishangaa. "Sisi twaambiwa ni mchumba."

"Ijumaa. Nikahi ni Ijumaa hii, inshallah. Nyinyi nyote mumealikwa."

"Ijumaa gani?" Ni baba, ndio kwanza anaingia. "Nani amesema Ijumaa?"

Nje uwanja ulilipuka. Bao la pili, Elkana. Nilisikia baba akigeukia mlango, na Ishaka akimng'ang'ania kanzu.

"Mzee, nisikilize! Nyumba iko tayari. Mahari yako tayari. Kitanda kiko kwa fundi tangu mwaka juzi, nilikuwa nangojea tu..."

"Ulikuwa wangojea nini?" shangazi, naye amesharudi, alimwuliza kwa upole.

Nje wakalipuka tena. "Nani amefunga?" baba aliomba, sauti ya mtu anayetaka kulia. "Jamani, nani amefunga?" Lakini Ishaka alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, na mwanamume akikupigia magoti ukumbini mbele ya wageni huwezi kumruka ukaenda kutazama mpira. Mimi nilipiga kigelegele. Wanawake wa Shanzu walidhani ni kwa ajili ya ndoa. Kilikuwa cha winga wetu aliyewapita mabeki watatu na kumlaza kipa chini kwa bao la nne, ingawa hata ndoa, wallahi, ilikuwa na fungu lake.

Nne bila. Umati ulikuja mpaka mlangoni kwetu ukamtoa Ishaka na kumbeba juu. "Kocha! Leo umetuonyesha! Kumbe wajua kushambulia!" Hakuna aliyetaka kusikia kwamba hakuwapo. Mpaka leo pale Timbwani kuna watu watakaokuapia kwamba walimwona akisimama ukingoni akiamrisha mabao yale.

"Ngapi?" aliuliza huko juu mabegani.

"Nne bila!"

"Na nyuma alibaki nani?"

"Hakubaki mtu!"

Nilimwona anavyosawijika. Aliomba ashushwe akae kidogo.

Mamake Nguma aliaga kwa adabu zake zote, akatuachia halua. Baba aliila yote peke yake. Miaka mitano alikuwa amelilia mabao yale, na yalipokuja alikuwa ameshikwa kanzu. Hajatusamehe, si Ishaka, si shangazi, wala si mimi.

Ijumaa nikaolewa. Nilikuwa na furaha isiyosemeka, na haikupita wiki ya pili nikamkuta mume wangu anakunywa chai kwa utulivu ninaoujua. Nimo ndani, nimeshapatikana, hapaharibiki kitu. Sikugomba. Nilipanga vikombe, nikasema kama mtu anayejisemea, kwamba huko Shanzu yasemekana wapishi wao chai wanaijua hasa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejenga rafu za jikoni.

Basi tumeishi hivyo. Miaka imepita, watoto ni watatu, na majirani hunivuta pembeni wakauliza nimempa nini mwanamume yule hata aniletee samaki kila Ijumaa kama mtu anayeposa. Sijampa kitu. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na si rahisi kama wanavyodhani. Ishaka mwenyewe huniuliza mara kwa mara, kwa mzaha, na macho hayana mzaha, "Mwanarusi, hebu niambie. Wanipenda?" Nami humjibu, "Bado nakutazama."

Nampenda. Nampenda mpaka naogopa, na nawaambia nyinyi kwa sababu hamtafika Timbwani kumpelekea. Mwaka jana malaria ilimlaza vibaya. Siku ya tatu alinishika kidole, akaniuliza swali lile lile kwa sauti ndogo, na safari hii hakuwa na mzaha wowote, alikuwa akiaga. Neno lilinifika mdomoni. Nikalimeza. "Pona kwanza," nikamwambia, nikatoka uani nikalia mpaka shangazi akaja kunishika.

Akapona.